INR ikiwa sawa, msimruhusu mgonjwa bado

Wadogo zangu mnaoanza intani, jana kwenye raundi nimesikia tena kuhusu INR, kipimo cha kuganda kwa damu: "Dokta, INR yake iko sawa, damu haina shida." Nimelisikia hilo Lindi, nimelisikia Mtwara, na kila kundi jipya linakuja nalo. Nawapenda, ila hili limenichosha.

1. INR inapima muda ambao damu inachukua kuganda. Donge likishajengwa litavunjwaje, haisemi. Kazi hiyo ni ya plazmini, kimeng'enya kinachokata fibrini, yaani nyuzi zinazolishikilia donge. Plazmini inatokana na plazminojeni, na anayeiamsha ni tPA kutoka ukuta wa ndani wa mshipa, ambayo nusu yake huondoka kwenye damu kwa dakika kama 5 tu. Breki ya tPA ni PAI-1. Mtihani wa haya mlifaulu wote. Mkifika kitandani kwa mgonjwa mnasahau.

2. Tazameni kitambi kabla ya kufungua faili. Mafuta ya tumboni yanaongeza PAI-1, na mwili usioitikia insulini vizuri nao unaipandisha. Sigara inaufanya ukuta wa mshipa utoe tPA kidogo pale inapohitajika, na presha ya muda mrefu vilevile. Kwa mwenye kisukari, fibrini husukwa kwa nyuzi nyembamba zilizobanana, plazmini ikapata tabu kupenya.

Mzee mmoja wa Mikindani, mnunuzi wa korosho, aliletwa msimu wa minada akiwa na hayo yote. Kila alfajiri kifua kinabana, jasho linamtoka, kikiachia anakwenda ghalani. Siku hiyo hakikuachia. Intani wa zamu, kijana makini kabisa, akaandika vidonda vya tumbo. Akaagiza INR na hesabu ya chembe sahani (zile chembe za damu zinazoshikana kuanzisha donge), majibu yakarudi mazuri, akaanza kuandika ruhusa. Nesi ndiye aliyemzuia: "Mwanangu, huyu baba apigwe ECG kwanza." ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ikaonyesha shambulio la moyo. Streptokinase, dawa ya kuyeyusha donge, tulimpa, lakini saa zilikuwa zimekwenda, na donge likikaa linazidi kukaza. Mzee aliishi, ila moyo wake haukurudi ulivyokuwa. Ngazi za ghala hazipandi tena. Yule kijana alilia kwenye chumba cha dawa. Sikumkemea. Nilimuuliza tu: kwa nini alfajiri? PAI-1 hupanda kila siku saa hizo, uwezo wa kuvunja madonge ukashuka, na mashambulio ya moyo huwa mengi asubuhi. Mzee alikuwa ameitaja hiyo alfajiri mwenyewe, tena ikaandikwa kwenye historia, mstari wa pili.

3. Aspirini haiyeyushi donge. Inazuia chembe sahani zisishikane. Acheni kuwaambia wagonjwa vingine.

4. Tyubu ya bluu, ile ya vipimo vya kuganda damu, ijazwe mpaka mstarini.

5. D-dima, kipande kinachobaki fibrini ikivunjwa, ikipanda, kuna fibrini iliyojengwa na kuvunjwa mahali fulani. Ujauzito na maambukizi huipandisha pia, kwa hiyo someni na mgonjwa, msisome karatasi peke yake.

6. Kutembea kwa bidii mara kwa mara kunausaidia mshipa kutoa tPA tena, na kupunguza kitambi kunashusha PAI-1. Basi msiishie "fanya mazoezi, baba". Muulizeni shambani anakwenda kwa mguu au kwa bodaboda, muanzie hapo.

7. Wa zamu ya usiku, hakikisheni mashine ya ECG ina chaji na karatasi kabla ya saa kumi alfajiri.