Ningempeleka kwenye mchanga unaohama

Wiki hii mmeuliza, ukipata mgeni ungempeleka sehemu gani ya maajabu hapa Tanzania, yenye hadithi zake za wenyeji. Mimi jibu ninalo siku zote: mchanga unaohama, kule Ngorongoro, jirani na bonde la Oldupai. Na inaniuma jamani, magari yanapita yanakimbilia Serengeti kuwahi simba, watu wanashuka Oldupai kidogo wanasikia habari za fuvu la zamadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey mwaka 1959, picha mbili tatu, hao wameondoka, na mchanga wenyewe uko hapo hapo karibu.

Ni tuta la mchanga mweusi tii, limekaa peke yake katikati ya uwanda wa nyasi kavu, ukiangalia kushoto na kulia hakuna mchanga mwingine kama ule. Limejikunja kama mundu, kimo chake mita 9 hivi, na ukiufuata ule mkunjo kutoka pembe hadi pembe ni kama mita 100. Na linatembea! Kila mwaka linasogea kuelekea magharibi, wastani wa mita 17, linakwenda lote na umbo lake lile lile.

Kuna vinguzo vimesimikwa vyenye namba za miaka, kuonyesha tuta lilikuwa wapi mwaka gani, na hapo ndipo mimi niliishiwa maneno. Unasimama kwenye nguzo ya zamani, chini ni udongo wa kawaida tu, vijani, mavi ya mbuzi, halafu unainua macho unaliona tuta liko kuleee mbali, na unajua kabisa kwamba hapo ulipoweka mguu palikuwa na kilima kizima cha mchanga kikaondoka. Picha haiwezi kukuonyesha hicho kitu, lazima ukatembee mwenyewe kutoka nguzo hadi nguzo, juani, ndio kichwa kinaelewa.

Wamaasai wa kule wanasema mchanga ulitoka Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu, anakokaa Engai, Mungu wao, kwa hiyo sio wa kuchezea, watu wanakwenda pale kuomba mvua, kuomba watoto. Mzee mmoja tuliyemkuta na ng'ombe zake tulimwamkia, akatuangalia tunavyolisogelea akasema, "Wanangu, huyu yuko safarini, msimkanyage mgongoni." Basi tukalizunguka kwa chini, na sikuona hasara yoyote.

Kinachonifurahisha ni kwamba wataalamu nao wanaonyesha kidole mlima ule ule, wanasema ni majivu ya volkano ya Lengai. Chembe zake zina madini mengi ya chuma, ukiweka sumaku zinanasa, na ukichota konzi ukairusha juu haipeperuki ikapotea kama vumbi, inarudi chini imeshikana shikana. Nilirusha, nikarusha tena, sikuamini. Ila watembeza wageni wengi wanaishia hapo kwenye sumaku, kana kwamba ndiyo inayolitembeza tuta, na mimi hapo nawapinga, maana matuta yenye umbo hili yapo hata Peru na Namibia, yanatembea vilevile. Kazi kubwa anafanya upepo. Unavuma zaidi upande mmoja, wa mashariki, ardhi ni tambarare na mchanga wenyewe sio mwingi, basi unazipandisha chembe kwenye mgongo wenye mteremko wa taratibu mpaka kileleni, zikifika juu zinaporomoka upande wa pili ambao umesimama, kwa hiyo nyuma kunaliwa mbele kunajengwa, na zile pembe mbili zinatangulia kwa sababu kule mchanga ni kidogo, unasukumika haraka. Siku ya upepo chutama ubavuni uangalie ukingo wa juu, utaziona chembe zinavuka na kuanguka, zinavuka na kuanguka, yaani unalishuhudia linahama mbele ya macho yako.

Wanaopanda juu kupiga selfi na kuteleza na makalio wananikera sana. Najua upepo utaurudishia ule ukingo, sawa, lakini mama wa watu katoka mbali kuja kuomba mtoto anakuta kundi linapiga kelele juu ya sehemu anayoiheshimu, hiyo sio ungwana hata kidogo, na ingefaa kila gari likifika watu waambiwe kabla hawajashuka.

Mkiamua kwenda, mwambieni dereva mapema, tena kabla hamjalipana, kwa sababu ni pembeni ya njia kubwa na wengi wanaruka wakiwahi geti la Serengeti. Nendeni asubuhi, miezi ya kiangazi kuanzia Juni upepo unakuwepo wa kutosha. Bebeni mtandio wa kujifunika uso, maji, na kisumaku kidogo, hata cha spika mbovu kinatosha, watoto watakinyang'anyania.