Kwa Nini Baiskeli Haipakwi Rangi

Hombolo, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea, na salamu zako zimewafikia wote hapa nyumbani. Umeniuliza kwa nini nimekataa ile Raleigh yangu ikwanguliwe, ipakwe rangi mpya na kusafirishwa hadi kwako Kigamboni ukaitundike barazani, ilhali hapa imeegemea tu ukuta wa ghala.

Rangi nyeusi iliyobaki ni kidogo, ni kweli, lakini kila ilipobanduka pana sababu. Bomba la juu limeng'aa katikati kwa kuwa hapo ndipo ulipokaa wewe, na kabla yako dada yako, mmeshika usukani katikati ya mikono yangu. Karia imekwaruzwa na mipira ya tyubu kuukuu niliyofungia makreti ya zabibu kila msimu wa mavuno, nikiyapeleka mjini, safari ya kilomita kama 40 niliyoianza kabla ya alfajiri ili jua lisiniwahi njiani. Tandiko la ngozi limebonyea upande wa kushoto; mama yako husema limenakili ukaaji wangu mbaya, nami sina hoja ya kumpinga. Fundi akishapitisha msasa na kuweka tandiko jipya, itakuwa baiskeli ya mtu yeyote.

Yale makorongo matatu yaliyokatwa ndani ya gia ya mbele, uliyoshikilia utotoni kwamba ni ndege wa bwawa letu, ni alama ya kiwanda cha Nottingham, Uingereza. Sikukusahihisha wakati ule, wala sijutii.

Usidhani naisifu kwa upofu. Breki zake za fito, ambazo huvuta raba kwenda juu zikabane ringi kwa ndani, hazikufaa kitu wakati wa masika, kwa sababu ringi ya chuma ikilowa raba huteleza. Hilo nilijifunza kwenye mteremko wa korongo, nikiwa na makreti mawili ya zabibu ambazo hakuna aliyezinunua tena.

Lipo pia jambo la bahari. Kutu unayoiona ni ya juu juu, kwa kuwa hewa ya huku ni kavu na mvua zetu ni za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili. Huko kwako upepo huja na chumvi, nayo hula chuma upesi, hasa ndani ya mabomba, ambako brashi ya rangi haifiki.

Ukija likizo, pitia Kariakoo uninunulie spoku sita za gurudumu la inchi 28, maana za hapa dukani ni fupi, na Jumapili iliyopita nilirudi kutoka kanisani gurudumu la nyuma likiyumba.

Ni mimi baba yako.