Kurekodi mahojiano penye kelele: maiki nyingi zipangwe vipi

Anayerekodi mahojiano majumbani anajua hali ilivyo: feni inavuma, jenereta la jirani linanguruma, bodaboda zinapita dirishani. Mimi hurekodi wazee wakisimulia habari za zamani hapa Tanga, na mzee akishasema jambo kwa namna yake, akirudia halitakuwa lilelile. Ndiyo maana natumia maiki zaidi ya moja. Ila wengi huzinunua wakidhani wingi wake ndio utakaoondoa kelele.

Angalia hesabu yake. Ukijumlisha maiki mbili zinazomsikia msemaji sawasawa, sauti yake inapanda kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na kelele isiyofanana kati ya maiki hizo inapanda kwa 3. Umepata faida ya desibeli 3. Kwa maiki nne utapata 6. Sasa chukua maiki moja iliyo sentimita 40 kutoka mdomoni, isogeze mpaka 20: sauti ya msemaji inapanda kwa desibeli 6 hizohizo, na jenereta la mbali linabaki palepale. Hujatoa hata senti!

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya maiki nyingi ni kumpa kila msemaji ya kwake, karibu naye. Mzee nambania maiki ndogo kwenye nguo, kama kiganja kimoja chini ya kidevu, mahali ambapo ukosi au mtandio hautaisugua. Umbali kati ya maiki yake na yangu uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na mdomo. Kila moja iingie kwenye traki yake, yaani njia yake ya pekee ya kurekodia. Wakati wa kuhariri, mzee anapoongea naishusha traki yangu, maana maiki yangu inamsikia yeye kwa mbali lakini feni inaisikia vizuri sana.

Halafu kuna suala la kuchelewa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani mita moja huchukua karibu milisekunde 3. Ukichanganya traki mbili zilizopishana hivyo, baadhi ya mawimbi yanafutana na mzee anasikika kama yumo ndani ya pipa. Piga kofi mbele ya maiki zote kabla ya kuanza, na jingine mwishoni. La kwanza ni la kulinganishia traki. La pili, ukitumia vinasa sauti viwili, litakuonyesha kama vimeachana njiani, kwani saa za vifaa tofauti haziendi sawa kabisa.

Wapo wanaoweka maiki kando ya jenereta, kisha wanageuza mawimbi yake juu chini ili mngurumo ujifute. Haujifuti, kwa sababu ukifika chumbani umeshagonga kuta na kubadilika. Hapo inahitajika programu yenye kichujio kinachojirekebisha, njia ambayo mhandisi Bernard Widrow na wenzake waliieleza mwaka 1975, na maiki ya jenereta isimsikie msemaji, la sivyo maneno yake nayo yatafutwa. Kipunguza kelele cha Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni kitu kingine: huchukua sampuli ya kelele kutoka kwenye rekodi yenyewe. Kwa feni kinafaa, ukikitumia kidogo.

Ukirekodi kwa simu, zima mipangilio inayopandisha na kushusha sauti yenyewe, maana traki hazitalinganishika. Na mvua ikianza kupiga mabati, simamisha kurekodi mpaka ikatike: kelele hiyo inatoka kila upande, hakuna pa kuiwekea maiki.