Muulize Fundi: Kanzu ya sungura wa sentimita nane

*Shikamoo fundi. Mi niko Nkuhungu, binti yangu yuko darasa la tano, shangazi yake alimletea toka Uingereza wale wanyama wadogo wa kuchezea wenye manyoya laini, familia ya sungura. Sasa shuleni kwao wameambiwa kila mtoto apeleke mhusika wa kitabu, wenzake wanavalishwa wenyewe ila yeye kakataa, anataka sungura baba ndo awe Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabuni. Nimekata kanzu kwa kipande cha kitenge kilichobaki, imetoka kama gunia, nyuzi zinachomoka kila upande, alafu cherehani inameza kitambaa. Nisaidie fundi, siku zenyewe zimebaki chache.*

Marahaba mama. Hao nawajua, ni Sylvanian Families, wanatengenezwa na kampuni ya Epoch ya Japani tangu 1985, kule Marekani wanauzwa kwa jina la Calico Critters, na watu wazima kabisa wanawakusanya wanajaza makabati. Mkubwa wao ana kama sentimita 8. We piga hesabu, mtu wa sentimita 160 ukimpunguza hadi 8 umempunguza mara 20, kwaiyo ua la kitenge la sentimita 5 likikaa kifuani kwa sungura ni sawa na wewe uvae ua la mita moja. Na unene wa kitambaa haupungui, ndo maana kanzu imesimama haitaki kulala. Kitenge weka pembeni.

Tafuta shati la zamani la pamba, lile limefuliwa mpaka limechoka, au leso ya mfukoni. Uzuri wa leso ni kwamba pindo lake limeshashonwa tayari, we laza upande wa chini wa kanzu juu ya pindo hilo na umemaliza, maana kukunja pindo la sentimita nzima kwenye nguo ya sentimita 6 ni kumtafutia sungura wa watu tumbo.

Vipimo usipime kwa futi. Mfunge sungura nailoni nyepesi kwanza, alafu juu yake masking tepu, chora kwa kalamu mstari wa bega, wa ubavuni na wa katikati mgongoni, kata taratibu kwa mkasi mdogo ukifuata mistari, ukivua hapo una patani yake halisi, ongeza nusu sentimita ya kushonea pande zote. Nailoni usiiruke, tepu ikigusa mwili inaondoka na yale manyoya, na hayo hayarudi kwa sababu ni nyuzi fupifupi zimegandishwa juu ya plastiki.

Nyuzi kuchomoka kunatokana na kukata kwanza ndo ushone. Kwa size hii tunageuza, chora patani kwenye kitambaa kikiwa bado kizima, shona juu ya mstari, pitisha gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji kidogo pembezoni mwa mshono, iache ikauke kabisa (na jua letu hili la Dodoma hutasubiri sana), ndo ukate. Cherehani nayo inameza kwa sababu tundu la sindano pale chini ni pana kwa kipande kidogo namna hiyo. Weka karatasi ya gazeti chini ya kitambaa ushone vyote pamoja, ukimaliza unaichana, badili na sindano uweke namba 9 badala ya 14, hatua ya mshono ipunguze, na ukianza zishike zile nyuzi mbili kwa nyuma. Lakini nikwambie ukweli mama, mi ningeshona kwa mkono. Mshono wa kanzu hiyo ni mfupi, mpaka umalize kutunga uzi kwenye bobini wa mkono keshafika kwapani.

Mgongoni acha wazi juu mpaka chini maana kichwa ni kikubwa kuliko shingo, na kimkia kipate pa kutokea. Usifunge kwa velkro, ule upande wa vijino unavuta manyoya, weka shanga ndogo mbili na vitanzi vya uzi. Kofia iwe na nafasi ya masikio la sivyo itadunda.

Sasa Bwana Msa mwenyewe. Msomaji wa Mohamed Said Abdulla anamjua kwa kiko, kwaiyo hata kanzu ikipinda kidogo, kiko kikiwepo kazi imeisha. Chukua karafuu moja nzima yenye kichwa, ile ni kiko tayari, ishikize kwenye mkono wa kanzu kwa uzi. Kwenye mwili usigusishe gundi.

*Fundi habari. Niko Kondoa, nina nyani wawili wa kuchezea nilipata kwenye mitumba, nataka niwafanye wale ndugu wa kwenye Adili na Nduguze. Niwavalishe nini?*

Nzuri sana, umenifurahisha. Kwa Shaaban Robert wale ni watu waliogeuzwa manyani, kwaiyo mi nisingewavalisha nguo kamili. Wape masalia, mmoja kola tu ya joho, mwingine mkono mmoja uliochanika, ionekane kuna mtu alikuwa humo. Mapambo yote mpe Adili, tafuta mdoli wa pembeni awe yeye. Ukitumia nyekundu mpya au kaniki, loweka na ufue mpaka maji yatoke meupe, rangi ikihamia kwa nyani haitoki.

*Vumbi la huku Ipagala linawamaliza wanyama wangu, niwaoshe?*

Usiwaloweke. Vua nguo, piga mswaki laini wa mtoto ukiwa mkavu, kuelekea upande manyoya yanakolala. Nguo ndo ufue. Alafu kipindi hiki cha upepo waweke kwenye chombo chenye mfuniko jamani, siyo dirishani.

*Fundi, nataka mama sungura ajifunge kanga kabisa, yenye jina. Inawezekana?*

Inawezekana. Kanga ya kawaida ni kama sentimita 150 kwa 110, gawanya kwa 20 unapata 7.5 kwa 5.5. Kata pamba nyeupe nyepesi, chora pindo na mji kwa kalamu ya kitambaa yenye ncha nyembamba, piga pasi upande wa nyuma rangi ikamate. Jina chagua fupi, herufi zikizidi kumi na tano hivi hazisomeki, na liandike kabla hujakata maana kipande kikishakuwa kidogo kinatembea chini ya kalamu.