Ruzuku ya utafiti kwa mwanafunzi wa sayansi: tazama bajeti kabla ya kulaumu alama

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba uko mwaka wa tatu wa biolojia, umeomba ruzuku ya utafiti mara mbili na mara zote mbili umetoka mikono mitupu, na sasa unahisi alama zako za wastani ndizo zinazokuponza. Nami nilikataliwa nilipokuwa mwanafunzi wa kemia, na miaka kadhaa baadaye nikaingia katika jopo dogo la kupitia maombi ya wanafunzi, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona pande zote mbili za meza.

Kwanza tutenganishe mambo matatu uliyoyaweka katika kapu moja. Tuzo hutolewa kwa kazi iliyokwisha kufanyika, ufadhili wa masomo humfuata mtu, na ruzuku ya utafiti hulipia kazi ambayo bado haijafanyika. Ufadhili wa Goldwater wa Marekani, kwa mfano, ambao ulianzishwa na Bunge la nchi hiyo mwaka 1986, humpa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hadi dola 7,500 kwa mwaka kwa ajili ya ada, vitabu na malazi, na ni lazima chuo chenyewe kimpendekeze. Huko alama zina uzito mkubwa. Ruzuku za Sigma Xi, jumuiya ya heshima ya wanasayansi yenye makao yake Marekani, zinazotolewa tangu mwaka 1922, ni jambo jingine kabisa: kwa fani nyingi hazizidi dola 1,000, na shabaha yake ni kuuwezesha utafiti mmoja mahususi wa mwanafunzi. Anayepitia ombi la namna hii hujiuliza zaidi kama kazi uliyoieleza inaweza kukamilika kwa fedha hizo na katika muda huo, ukiwa wewe ndiye unayeifanya.

Jibu la swali hilo hulipata mapema sana katika bajeti, na hapo ndipo nilipojikwaa. Andiko langu la kwanza lilihusu nitreti katika maji ya mto. Utangulizi niliuandika kwa moyo wote, kurasa mbili nzima, lakini bajeti ilikuwa na mistari mitatu tu: vifaa vya maabara, usafiri, mengineyo. Msimamizi wangu aliponisomea maoni ya wapitiaji, mmoja alikuwa ameandika kwamba haoni uhusiano kati ya njia ya utafiti na fedha zinazoombwa. Niliumia, kwa sababu nilijua alichosema ni kweli.

Mwaka uliofuata nilianza kuandika kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nilikuwa na vituo 12 vya kuchotea maji, na ningevitembelea mara moja kwa mwezi kwa miezi mitano, yaani sampuli 60. Kila sampuli ingepimwa mara tatu, hivyo vipimo 180. Katika kila safari kulihitajika miyeyusho sita ya viwango vinavyojulikana ili kusawazisha kifaa, yaani vipimo vingine 30. Jumla ikawa 210. Pakiti moja ya kemikali ilitosha vipimo 100, kwa hiyo niliomba pakiti tatu, na katika sentensi moja nikaeleza kwamba vipimo 90 vitakavyobaki ni akiba ya kurudia pale matokeo yatakapotofautiana mno. Hesabu hiyo ilichukua nusu ukurasa, na ruzuku niliipata. Alama zangu hazikuwa zimebadilika hata kidogo.

Nilipokaa upande wa pili wa meza nilielewa kwa nini. Mwanafunzi anayejua anahitaji chupa ngapi ameshaifanya kazi hiyo kichwani mwake mara kadhaa, na jambo hilo halifichiki. Kinyume chake, tulipokea maandiko mengi yaliyoahidi kutatua tatizo zima la uchafuzi wa maji au ukinzani wa vimelea dhidi ya dawa, kwa fedha ambazo zisingetosha hata miezi mitatu ya kazi ya maabara. Nakusihi, lipunguze swali lako mpaka liweze kujibiwa kwa ndiyo, hapana, au tarakimu. Ulilotutajia, kuhusu athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wadudu wachavushaji, ni pana mno; chagua spishi moja, aina moja ya ua na kigezo kimoja cha kupima, kwa mfano idadi ya ziara kwa saa katika viwango tofauti vya joto.

Barua ya mapendekezo nayo huharibu maombi mengi mazuri bila mwombaji kujua. Barua isemayo kwamba wewe ni mwanafunzi mwenye bidii haimsaidii mpitiaji kwa lolote. Mpelekee msimamizi wako andiko kamili wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, ukimwomba kwa heshima ataje kazi aliyokuona ukiifanya kwa mikono yako na athibitishe kwamba vifaa vikubwa vimo maabarani tayari.

Masharti ya kustahili yasome kabla ya kuandika neno lolote. Programu ya uzamivu ya OWSD, shirika la wanawake wanasayansi lenye makao yake Trieste, Italia, ni ya wanawake kutoka nchi maalumu zilizoorodheshwa. Mwito mwingine wa maombi utataka uwe mwanachama wa shirika linaloutoa au uwe na kibali cha maadili ya utafiti. Nimeona maombi mazuri yakiwekwa kando bila kusomwa kwa kukosa sharti moja la namna hii, na hakuna mpitiaji aliyeweza kuyaokoa.

Umesema una wiki sita kabla ya mwito ujao. Tumia ya kwanza kwa hesabu ya sampuli peke yake, kisha iweke hapa, bila jina lako wala la chuo, nami nitaipitia mstari kwa mstari.