Filta ya hewa ya pikipiki: bonyeza mpira kwanza, bei baadaye

Mtu akiniuliza anunue filta gani ya hewa, namuuliza kwanza anapita wapi. Mimi naendesha pikipiki ya Boxer, na njia zangu nyingi ni za vumbi, Dodoma mjini kwenda vijiji vya Bahi na Chamwino. Kiangazi ukikaa nyuma ya lori huko, hata namba yake huioni. Anayezunguka kwenye lami ya mjini tu anaweza kuchagua tofauti na mimi, na asipate shida yoyote.

Lita moja ya petroli inahitaji takribani lita 9,000 za hewa ili iungue vizuri, na hewa yote hiyo inapita kwenye kile kifilta kilichojificha ubavuni. Vumbi linaloua injini wala si lile linalodondoka ukikung'uta filta. Ni lile laini, jembamba kuliko unywele, linalopenya na kuchanganyika na oili, kisha likafanya kazi ya msasa kati ya ringi za pistoni na silinda. Utaanza kuona moshi wa bluu na oili inapungua bila kuvuja popote, na fundi atakwambia ringi zimekwisha.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze na maandishi ya kwenye boksi, eti nguvu inaongezeka. Nenda na filta yako ya zamani mkononi, uiweke ubavu kwa ubavu na mpya. Kimo kiwe kilekile, unene uleule, na pale inapokaa pasiwe na nafasi. Bonyeza ukingo wa mpira kwa kidole gumba: ulio mzuri unabonyea na kurudi, wa feki ni mgumu kama plastiki, na hautashika lile boksi la pikipiki filta inamokaa, hata ukaze skrubu vipi. Kama ni ya karatasi, angalia mikunjo ipo sawasawa na gundi imeshika pande zote. Kisha washa tochi ya simu kwa ndani. Mwanga uenee wote kwa pamoja; ukiona nukta inayong'aa, hilo ni tundu, mrudishie mwenye duka. Wengine watakununia. Waache wanune.

Kuna kipimo kingine ninachokiamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Ukishatembea nayo kwenye vumbi siku chache, toa filta, chukua kitambaa cheupe, ufute ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta, pale hewa inapochanganyika na petroli. Kitambaa kikitoka na vumbi, hewa inapita pembeni, na hapo hata filta ya bei mbaya haina maana. Paka grisi kidogo kwenye ukingo inapokaa, halafu urudie kupima.

Kwa aina, mimi ni mtu wa sponji. Inavumilia vumbi jingi kabla haijaziba, na inafuliwa. Ila sponji kavu ni pambo tu, kinachokamata vumbi ni oili. Ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, uiminye bila kuisokota, na uianike kivulini. Petroli usiiguse: inalegeza gundi, na ni moto huo. Ikikauka, ichovye kwenye oili ya gia, namba 90 inafaa, uiminye mpaka isichuruzike. Sponji ikianza kumeguka kwa vidole, itupe, maana vipande vyake vitaishia kwenye kabureta.

Karatasi nayo inachuja vizuri na hailetei mtu kazi, ikichafuka unabadilisha. Tatizo ni ile tabia ya kuipeleka kwenye kompresa na kuipuliza kwa nguvu zote, inachanika bila wewe kuona. Zipo pia za karatasi iliyolowekwa mafuta kiwandani, ukiigusa inanata. Hizo hazipulizwi wala hazioshwi.

Za pamba, kama zile za K&N ya Marekani, ni nzuri kwa mtu wa lami aliye tayari kununua oili yake maalumu na kuzitunza. Kwa njia zangu sioni sababu. Boxer haitageuka pikipiki ya mashindano.

Halafu zipo zile za koni, zinazofungwa moja kwa moja kwenye kabureta baada ya boksi lote la filta kung'olewa. Vijana wanapenda mlio wake. Hewa inazidi, petroli inabaki ileile, plagi inatoka nyeupe, injini inachemka na mwendo wa chini unakuwa mzito. Kuirekebisha unahitaji kubadilisha jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopitisha petroli, na si kila fundi anazo au anajua aweke ipi. Hapo bado mvua, maana koni imekaa wazi na tope linarushwa na gurudumu. Na ule mpira unaopumulia injini, uliokuwa umechomekwa kwenye boksi, unabaki unaning'inia ukimwaga mvuke wa oili. Kwa pikipiki ya kazi, siishauri hata ukipewa bure.

Hela ikibaki, nunua sponji mbili za aina moja. Moja iwe ndani, nyingine imeshafuliwa na kutiwa oili, ipo kwenye mfuko wa plastiki safi. Msimu wa vumbi unabadilisha jioni kwa dakika chache, na asubuhi huna haja ya kusubiri ya jana ikauke.