Kikosi cha mazoezi si benchi

Swali: Kocha, shikamoo. Mpwa wangu amemaliza chuo hapa Marekani na amesaini na timu ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ila kwenye kikosi cha mazoezi. Wiki iliyopita walimpandisha, akacheza Jumapili, Jumatatu wakamrudisha. Nyumbani Morogoro wananiuliza kama ameshushwa. Niwajibu nini? Na kazi yake kule hasa ni ipi? (Mjomba, Columbus, Ohio)

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Waambie hajashushwa. Timu ina wachezaji 53 kwenye kikosi kikuu na 16 wa mazoezi, au 17 kama mmoja ameletwa na mpango wa ligi wa kukuza wachezaji wa nje ya Marekani. Kabla ya kila mechi timu inaweza kupandisha wawili kwa mechi hiyo moja tu. Mechi ikiisha, wanarudi walikotoka papo hapo, bila timu nyingine kupewa nafasi ya kuwachukua. Mchezaji mmoja huweza kupandishwa hivyo mara tatu tu kwa msimu wa kawaida. Wakimtaka tena, wampe mkataba wa kikosi kikuu. Mpwa wako ametumia moja, zimebaki mbili. Tena amecheza! Siku ya mechi wanaoorodheshwa kucheza hawazidi 48, kwa hiyo wapo wanaopandishwa na bado wakaitazama mechi wakiwa na nguo za kawaida.

Sasa kazi yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani kijana anasubiri zamu. Hasubiri. Kuanzia Jumatano yeye ndiye mpinzani. Makocha huchambua video za timu watakayokutana nayo, huchora mipango yake kwenye kadi, kisha kadi hizo huinuliwa mbele ya vijana wa kikosi cha mazoezi: wewe leo ni beki wao namba fulani, simama anavyosimama, anza kukimbia anapoanza, geuka anapogeukia. Akiigiza vibaya, wenzake wa kikosi kikuu wanajiandaa kwa timu ambayo haipo, na Jumapili watashangazwa. Mazoezi ya kuvaa vifaa kamili na kugongana ni 14 tu msimu mzima kwa mujibu wa mkataba wa ligi na wachezaji, hivyo kila nafasi ya kuigiza ina thamani.

Ugumu wake nauona kila mwaka kwa vijana niliowafundisha. Wiki nzima unacheza kwa mtindo wa mtu mwingine, na usiku unakariri mipango ya timu yako mwenyewe, ambayo mazoezini hukuigusa sana, kwa sababu Jumamosi unaweza kuambiwa kesho unacheza. Wenye vipaji wengi huishia hapo. Si miguu inayowaangusha, ni daftari.

Na dharura hutokea kweli. Tarehe 29 Novemba 2020 Denver Broncos walijikuta hawana kwotabeki, yaani mrushaji wa pasi anayeongoza mashambulizi, hata mmoja kwa sababu ya masharti ya korona. Wakamwita Kendall Hinton, mpokeaji wa kikosi cha mazoezi aliyewahi kurusha mpira alipokuwa chuo cha Wake Forest. Alirusha pasi 9, moja tu ikamfikia mwenzake, wakafungwa 31 kwa 3 na New Orleans Saints. Watu walizicheka takwimu zile. Mimi namheshimu: aliitwa bila maandalizi, akaenda.

Wapo waliotoka huko wakapaa. James Harrison wa Pittsburgh Steelers alipita kikosi cha mazoezi, na mwaka 2008 akawa mlinzi bora wa ligi nzima. Kwetu yupo Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga: Indianapolis Colts walimsajili 2013 akiwa hajawahi kucheza mchezo huu, akaanzia kikosi cha mazoezi, na Desemba mwaka huohuo akapandishwa.

Kuhusu pesa, mwaka 2024 kijana wa kikosi cha mazoezi alilipwa dola 12,500 kwa wiki. Wa kikosi kikuu anayeanza hakupungukiwa dola 795,000 kwa msimu, yaani kama 44,000 kwa wiki, na wiki ya kupandishwa mpwa wako hulipwa kwa kiwango cha kikosi kikuu. Lakini anaweza kuachwa siku yoyote. Ndugu wasianze kununua viwanja.

Jambo la mwisho, wakala wake alijue vizuri: timu nyingine inaweza kumchukua, mradi imwingize moja kwa moja kwenye 53 wake na imlipe si chini ya wiki tatu. Kwa hiyo hata mazoezini kuna macho ya mbali yanayomtazama.

Jumatano ukimpigia simu, usimuulize kama atacheza. Muulize wiki hii anamwigiza nani.